Waridi chini ya kioo cha kandili

Luciana alikuwa mwanamke wa kuambiwa mara moja na kukataa mara mbili. Operesheni ya vijiji ilipofika pande za Issuna, mwaka 1974, na watu wakaamriwa wahamie kijiji kipya kando ya barabara, hakugoma kuhama. Alipakia kinu, kuku na mtama kwenye lori pamoja na mumewe, Alute. Alichogomea ni kuliacha waridi la mama yake.

Mama huyo, marehemu, aliwahi kufua nguo misheni ya Kilimatinde ujanani. Aliporudi alikuja na kijiti kimoja cha waridi jekundu, amekifunga kwenye tambara bichi. Akakipanda mlangoni, kikawa kichaka. Kaburi lake lilikuwa hapo hapo karibu, lakini kaburi halibebeki. Waridi linabebeka, alisema Luciana, na litabebwa.

Alikata vijiti, akavichomeka kwenye chungu cha mchanga. Walipofika kijiji kipya akafanya kosa ambalo Mnyaturu yeyote angelifanya: chungu akakipandisha darini, juu ya moshi wa jiko, mahali mbegu za mtama zinapokaa salama dhidi ya wadudu. Mbegu inapenda moshi. Kijiti hakiupendi hata kidogo. Haukupita muda vyote vikawa kuni.

"Basi tena, Mama Martha," alisema Alute. "Kule tulikohama hakuendeki. Mgambo wanalinda."

"Wanalinda nini, kaburi la mama yangu?"

Alikwenda mchana kweupe, panga mkononi. Mgambo alipomuuliza anakwenda wapi, alijibu, "Kwa mama," wala hakusimama. Nyumba aliikuta imebomolewa paa ili watu wasirudi, na kichaka kimefukiwa na kifusi. Alifukua kwa mikono, miiba ikamchana, akapata matawi mawili mabichi. Alilia pale, kwa hasira, na hakuona haya kulia. Hayo mawili yakifa, waridi limekwisha.

Safari hii hakufanya haraka. Kila tawi alilikata chini kidogo ya kifundo, akapukutisha majani, akabakiza ya juu tu. Mchanga wa korongoni aliuosha mpaka maji yakatoka safi. Chungu kikakaa ndani, karibu na kidirisha, mbali na jua na mbali zaidi na moshi. Na kwa kuwa upepo wa kiangazi unakausha jani likiwa bado bichi, alivua kioo cha kandili akafunika kijiti kimoja, akaziba juu kwa kifuniko cha kopo. Cha pili alikifunika kwa chupa iliyovunjika kitako. Vioo vikatoka jasho kwa ndani. Akafurahi kimoyomoyo.

Kandili bila kioo haina kazi, kwa hiyo Alute akawa anakula ugali kwa mwanga wa moto.

"Tunakula gizani kwa ajili ya ua?"

"Umesahau mdomo wako ulipo, Baba Martha?"

Vijiti vikaanza kuchipua. Ndipo Ndugu Laurian, katibu wa kijiji, alipokuja kukagua nyumba.

"Shikamoo mama. Hii nini?"

"Marahaba. Waridi."

"Linaliwa?"

"Haliliwi."

"Mbele ya nyumba agizo ni mihogo."

Akainua chupa, akavuta kijiti aone kama kina uhai. Kilitoka na vizizi vyeupe, vyembamba, vikakatika papo hapo. Akanyoosha mkono kwenye kioo cha kandili. Luciana akaudaka.

"Hicho huking'oi, Ndugu Katibu. Mmetung'oa sisi, mkatusimika hapa, na kila mara mnakuja kutuvuta muone kama tumeshika. Tuacheni tushike!"

Alute alitazama chini. Laurian alijinasua, akasema kwa sauti ya upole kwamba mama huyu atafyatua matofali ya shule kama adhabu mpaka mvua zianze, na ua likionekana mbele ya nyumba litafyekwa.

Luciana alifyatua, mpaka viganja vikapasuka. Mvua ilipoanza, alikipasua chungu chenyewe ili mizizi isiguswe, akakipanda kijiti mbele ya nyumba, katikati ya mstari wa mihogo. Laurian alikuja na fyekeo. Alimkuta Luciana amekaa chini, ameukinga mche kwa mgongo, anachambua mboga ya mlenda.

"Fyeka," akamwambia. "Ila utaanzia kwangu."

Katibu alimwongezea matofali, akaondoka.

Waridi la kwanza lilipochanua, Luciana alilichuma, akalichomeka kwenye kilemba chake na kwenda mkutanoni. Alikaa mbele kabisa, uso kwa uso na katibu. Ajenda ilikuwa kilimo cha mihogo. Akanyoosha juu kiganja chake kilichopasuka, akaomba kusema.