Siku Nilipombeba Mama Mkwe Begani

Mkiniona siku hizi nazunguka njia ya nyuma kwenda dukani msidhani nina madeni, ni aibu tu, na aibu yenyewe nimejitengenezea kwa mikono yangu, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na akina mama wa jumuiya, maana wao wanatia chumvi.

Nyumba yetu hapa Geita iko ubavuni mwa kilima. Mlango wa nyuma unatokea kwenye udongo kama mlango wa mtu yeyote, lakini wa mbele unatokea hewani, ndiyo maana kulikuwa na kibaraza cha mbao kilichosimama juu ya nguzo, kirefu kiasi kwamba mtu mzima anapita chini yake akiinama kidogo. Mchwa walikuwa wamekila, mpaka siku moja mguu wa binti yetu Limi ukatumbukia hadi pajani. Habari zikafika Samuye kwa mama mkwe wangu, naye hakufoka, alisema tu kwamba anakuja kuangalia, na akikuta bado ni kile kile anaondoka na mjukuu na mwanawe (mke wangu alikuwa na mimba kubwa), mtoto azaliwe kwake na wakae huko mpaka aache ziwa.

Seremala alinitajia bei nikacheka, halafu nikamsindikiza. Ndipo nikakumbuka kwamba niliwahi kupiga matimba machimboni, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo la dhahabu zisikufukie, na matimba hayataki msumari: unasimamisha gogo, unakaza kwa kabari ya mti, basi. Rafiki yangu Masanja akanipa bure matimba ya shimo lililoachwa, juu nikatandaza mabanzi, na misumari ya nguzo nikaiona anasa (huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo). Nilichosahau ni kwamba kule chini ardhi yenyewe inalikandamiza gogo na unyevu unalivimbisha, na kwangu kulikuwa na upepo na jua la kiangazi tu.

Lakini kilipendeza, jamani. Jioni nilikuwa nakaa pale na chai yangu, moshi wa majiko unapanda bondeni, vilima vinafifia kimoja baada ya kingine, mawingu yanatokea upande wa ziwa bila haraka yoyote, najiona mtu mwenye ghorofa, nasinzia macho wazi mpaka Mama Limi achoke kuniita chakula.

Mama mkwe akafika alasiri moja. Kwetu Usukumani mkwe hamkaribii mama mkwe wake, hali naye, hamgusi hata mkono, kwa hiyo nilisimama mbali, macho chini, nikamsalimia, "Mwadila mayu," akaitikia akiwa ametazama pembeni, nami nikatokea mlango wa nyuma kama mtu mwenye adabu zake. Nikiwa kule nje nikasikia nguzo ya mbele inalia kwii. Nikachukua nyundo, nikaingia chini ya kibaraza nigonge kabari mara moja tu nitoke.

Chini kule kulikuwa na utulivu wa ajabu. Mwanga ulipenya katikati ya mabanzi ukalala mistari mistari kwenye vumbi, na sauti za juu zilinijia kama za watu ninaowaota. Nikamsikia mama mkwe akimwambia mke wangu, "Mwanangu, nilikuja na moyo mzito. Kumbe mume wako ana mikono. Utajifungulia hapa hapa kwako."

Nyundo ikabaki hewani. Nikigonga atajua kuna kitu kimelegea, na utamu wa maneno yale nisingeupata tena, basi nikaishusha polepole, nikaegemea gogo, nikamwona mtoto wangu ambaye hajazaliwa akitambaa pale juu kwenye jua la asubuhi (mimi hapo ndipo huwa napotea, nikishaanza kuota sirudi upesi).

Kilichonirudisha ni akina mama wa jumuiya, wamekuja na sukari na sabuni kumsalimia mgeni. Wakapanda wote kibarazani. Wakaanza wimbo, na mnawajua akina mama zetu, wimbo haukubali mguu uliosimama. Kabari ikaanguka kwenye kidole changu. Nikaweka bega chini ya boriti, vumbi likiniingia machoni, nikawa nahesabu beti nikiomba ziishe, kwa sababu nikisema neno nitakuwa mwanaume aliyekutwa chini ya sakafu yenye mianya huku juu wamesimama mama mkwe na nusu ya jumuiya. Naapa niliona nyayo tu. Nikavumilia ubeti mwingine tena. Halafu nikasikia hatua nzito ya mke wangu ikija katikati kucheza nao.

"Mama Limi," nikaita, "ingieni ndani wote. Nimekishika mimi."

Wimbo ukakatika. Jicho moja likachungulia kwenye mwanya, likakutana na langu.

"Yumo huku chini," akasema mwenye jicho. "Baba Limi yumo chini anatuangalia."

Wakakimbilia ndani, mke wangu akiwa wa mbele, namshukuru Mungu, na mama mkwe wa mwisho, maana mtu wa umri wake hakimbizwi. Bega likachoka. Kibaraza kikalala taratibu, taratibu kama mtu anayepitiwa na usingizi, na mama mkwe akateleza nacho akiwa ameshika kikombe, akanikalia begani, tukaenda wote wawili vumbini mbele ya majirani waliokuwa wamefuata wimbo.

Hakuumia. Akajifunika kanga usoni, akanipa mgongo, kiwiko chake kikiwa bado mbavuni mwangu, akazungumza na mwanawe aliyesimama mlangoni.

"Mwambie mwenzako wabeja, asante, amenipokea. Halafu fungasha."

Waliondoka kesho yake. Mimi nikauza baiskeli, nikamwita yule seremala, na kibaraza kipya kina misumari na nondo na hakitikisiki hata ukipandisha ng'ombe. Nimeapa kwamba nikisikia mbao inalia nitasema pale pale, hata kama nasifiwa. Mtoto alizaliwa Samuye, wa kiume. Kilio chake nimekisikia kwa simu, nikiwa nimekaa peke yangu pale juu, mahali pasipo na wa kuanguka.