Upinde Uliosimama Mtoni

Nilipokuwa mtoto kule Naro Moru, tulifunzwa kuogopa upinde wa mvua. Nyanya mzaa baba, tuliyemwita Shosho, alituambia kwamba ule ni mnyama anayeishi mtoni, na rangi zile ni mgongo wake tu. Ukimwona amesimama, funga ng'ombe, kwa maana ndio chakula chake. Nilimwamini kabisa.

Mwaka ambao baba alifariki, mvua nayo ilitutupa. Tangi likakauka, mahindi yakakauka, tukabaki na Nyange, ng'ombe mweupe ambaye maziwa yake ndiyo yaliyotulisha mimi na mdogo wangu. Alasiri moja mama alimfungua ampeleke kunywa maji. Mlimani kulikuwa na wingu jeusi, kwetu jua linawaka, na upinde umesimama bondeni.

"Usiende," Shosho akamwambia. "Ngoja hiyo kitu itoke."

"Mami, hiyo ni agano ya Mungu. Iko kwa Biblia."

"Ya Biblia iko juu. Hii imeweka mguu kwa maji."

Mama alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi, akaniambia nimfuate.

Mtoni ndege walikuwa wamenyamaza. Vyura pia. Maji machache yalipita kati ya mawe bila sauti, na juu yake hewa ilikuwa na rangi ya zambarau ambayo sijaiona tena. Nyange alikataa kushuka. Mama akambembeleza, akamvuta, mpaka akainamisha kichwa akanywa. Ndipo niliposikia kitu kinapumua huko juu kwenye kona ya mto, pumzi ndefu, nzito. Mama aliachilia kamba, akanikumba na kunisukuma ukingoni. Nilipogeuka, maji ya rangi ya udongo yalikuwa yamejaa kila mahali, na Nyange hakuwepo. Hakulia hata mara moja.

Leo najua kwamba mvua ya mlimani ilileta mafuriko, na hivyo ndivyo ninavyowaeleza watoto wangu. Lakini majirani walitafuta wakifuata mto hadi mbali na hawakupata hata ukwato. Nikiona upinde, bado nywele zinanisimama.

Jioni ile tulikunywa chai bila maziwa. Shosho hakumkumbusha mama onyo lake. Mama alifumba macho aombe kama kawaida.

"Baba," akasema, "nimekukasirikia sana. Ulichukua bwana yangu, sasa Nyange. Hawa watoto watakula nini kesho? Niambie wewe." Akasema amina, akatumiminia chai.

Kanisani nimesikia shuhuda nyingi ambazo ng'ombe anarudi. Wetu hakurudi. Tulilala njaa mara kadhaa, mama akilima mashamba ya watu mpaka mvua ikanyesha. Nami nimepitia yangu, na kuna siku nimeshindwa kabisa kuomba. Mtu akiniuliza kama Mungu alimjibu mama, sijui nimwambie nini. Najua tu kwamba mama alimkasirikia hivyo, na kesho yake asubuhi akamwita tena Baba.