Swali la Patroni Mlangoni

Wiki iliyopita, nikipita Musaga, mtaa tulioishi nilipokuwa mtoto, baada ya miaka mingi ya kuzurura, niliona picha ya Patroni, yule mwenye duka, kwenye bango. Anagombea kiti katika baraza la mji, na bango linamwita baba wa mtaa.

Nilikumbuka alasiri moja ya vita. Risasi zililia kutoka milimani, na Mama, mdogo wangu akiwa mgongoni, alinivuta mpaka dukani kwa Patroni, ambako majirani walikuwa wanajificha. Niliposikia harufu ya sabuni na ndagara, dagaa wa kwetu, wakavu nilijua tumepona. Patroni alisimama mlangoni.

"Mama Nadia, kwenu ni mulima gani?"

"Patroni, mi nanunua kwako kila siku. Acha watoto waingie tu."

Kwetu mgeni huulizwa mlima wa kwao kabla ya kupewa kiti, kwa hiyo nilidhani anatukaribisha. Nilijibu kwa adabu, kama nilivyofundishwa: jina la mlima, kisha jina la babu. Leo najua kwamba hayo mawili yalimtosha kutambua kabila letu.

"Apana, kumejaa," alisema, akavuta mlango wa chuma.

Hakukuwa kumejaa, niliona nafasi kando ya magunia. Tulijitupa mtaroni, na humo risasi ikampata mdogo wangu.

Mama hakunilaumu hata siku moja. Nilijilaumu mwenyewe, nikihama mji hadi mji. Lakini nilikuwa na miaka saba, na mlango haukuwa wangu.