Salamu za Watu Mia Nne na Kitambaa cha Mkwe

Mimi ni mtoto wa Ishengoma na Kokwijuka, nilizaliwa Maruku, sikuingia darasani hata siku moja, na katika umri wangu wote sikuwahi kuambiwa ninyamaze mbele za watu mpaka siku ile niliponyamazishwa na watu mia nne kwa pamoja. Aibu hiyo niliitengeneza kwa mikono yangu, na ninamwamuru mjukuu wangu Jovitha aiandike kama ninavyoitamka, bila kunipunguzia. (Unacheka, Jovitha? Andika na hilo.)

Jovitha ni fundi wa mashine za kutotolesha mayai, hapa Bilele tunapoishi. Alifungua kundi katika simu ili wenye mashine wasaidiane, likajaa watu mia nne wa Bukoba na Muleba, na kila siku wageni wakauliza yale yale: kwamba mashine haina joto (haijachomekwa kwenye umeme), kwamba ina joto mno (imewekwa juani), kwamba yamepita majuma mawili na hakuna kifaranga (ni majuma matatu, hata kuku mwenyewe anajua). Ndipo Jovitha akarekodi maelezo mafupi kwa sauti, akayabandika juu kabisa ya kundi, na kazi ya kiongozi ikawa kumwelekeza mgeni huko kwanza, kisha kumsikiliza upesi mwenye shida ya kweli.

Siku aliyokwenda Muleba kumfungia mteja mashine, aliniachia simu ya pili pamoja na uongozi. Kusoma sijui, lakini kusikiliza najua, na katika kundi lile wengi husema kuliko kuandika. Aliniambia, "Babu, wewe ni mkali, watakuheshimu. Waelekeze tu kwenye maelezo." Nikaona hiyo ni kazi ndogo mno kwa mtu kama mimi.

Ujumbe wa kwanza asubuhi ulikuwa wa kijana aliyesema mashine haiwaki, afanyeje, akaishia hapo. Hakuna shikamoo, hakuna jina. Kwetu mtu haingii katika kibanja, shamba la nyumbani, cha mwenzake akaanza kudai jambo, hata nyumba yake ikiwa inaungua (na hapo ndipo upumbavu wangu ulipokuwa umelala), kwa hiyo nilibonyeza pale pa kusemea nikatoa amri: "Katika kundi hili hakuna swali litakalojibiwa kabla ya salamu. Mtu ajitaje, amtaje baba yake na anakotoka, na waliomo wamwitikie mmoja mmoja. Akishaitikiwa, ndipo aulize." Kisha nikatafuna punje zangu za kahawa, nimeridhika kama mtu aliyemaliza kupalilia.

Nilidhani watanuna. Kumbe walifurahi mno. Walijitaja wote, hata wasio na swali, hata wasio na mashine, na kila "waitu" ya kuitikia salamu ikaja kama ujumbe wake peke yake, na mtu mmoja akamgundua mjomba wake humo humo, na wawili wakakuta ni wa ukoo mmoja wakaanza kuulizana habari za misiba ya miaka iliyopita, na mwingine akaalika kundi zima kwenye harusi, na simu ikawa ya moto kama chungu. Mimi, kwa kuwa sisomi, siwezi kuruka ujumbe. Nilisikiliza mmoja baada ya mwingine na kuitikia kila mmoja, na nikiitikia mmoja wanaingia kumi, hata kufika mchana sauti ilikuwa imekauka na nilikuwa sijafika hata robo.

Kidole kikateleza, nikaangukia ujumbe wa mwisho. Sauti ya mwanamke ilisema joto linapanda na mayai yameanza kutoboka, anaomba msaada. Hakusalimu. Nami kwa uchovu wangu wote nikamjibu mbele ya wote, "Wewe mama, nani alikulea? Kaa chini, jitaje kwanza."

Kisha akajibu kwa upole.

"Nilijitaja asubuhi, mkwe wangu. Ni mimi Avelina. Ulisema tungoje kuitikiwa, nami nimengoja."

Avelina ni mama yake mke wa mwanangu. Ni mtu ambaye mbele yake huwa sikohoi bila kugeuka pembeni. Na mayai yale hayakuwa yake: wanawake thelathini wa jumuiya yake walikuwa wamempa matatu matatu, naye aliwahakikishia kwa jina lake kwamba mashine itatotoa, na saa ile walikuwa wamekaa sebuleni mwake wakimsikiliza mkwe wake akiuliza nani alimlea.

Yule kijana wa asubuhi, ambaye bado mashine yake haikuwaka, akasema, "Babu, sasa nyamaza, tumsaidie mama."

Kundi zima likarudia neno lake, "Babu, nyamaza!" Hapo wote wakamwuliza Avelina maswali kwa pamoja hata asiweze kusikia lolote, mpaka mama mmoja mgeni, ambaye ndiye peke yake aliyesikiliza yale maelezo ya Jovitha, akauliza kama mashine imefunikwa na kitu. Avelina akakiri kwamba ameifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, kile kile cha harusi ya binti yake na mwanangu, kwa kuwa haikufaa kitu cha heshima kikae wazi sebuleni kama sufuria.

"Kiondoe, mama. Kimeziba matundu ya hewa."

Basi. Ndilo neno la kwanza katika maelezo ya Jovitha, na siku nzima sikumwelekeza huko hata mtu mmoja.

Nilimpigia Jovitha, akapanda pikipiki hadi kwa Avelina, akakuta mayai yanalia. Vifaranga sabini na kimoja vilitoka, na jina la Avelina likapona.

Jumapili nilikwenda kuomba radhi, nimebeba dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wale wanawake thelathini walikuwa wananingoja. Walipiga magoti mlangoni mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akajitaja, akamtaja baba yake na anakotoka, akangoja nimwitikie, nami dumu likiwa bado mkononi, na Avelina nyuma yao amejifunika uso kwa kanga akitetemeka kwa kicheko.

Sitaongoza kundi tena, na nikiingia humo nitauliza kwanza, nisalimu baadaye.

Sasa, Jovitha, tunza haya. Sauti ya Avelina aliposema amengoja, itunze, uwasikilizishe watoto wako wajue subira inavyosikika. Maelezo yako yaache pale pale juu. Na ile amri yangu, ambayo najua umeihifadhi ili uwachekeshe mafundi wenzako, usiifute. Siku ukichoka na wageni ukataka kuwa mkali, isikilize mpaka mwisho, kisha umjibu mtu.