Kiyoyozi cha Baudouin na kifua cha Kabedi

Ukitaka kumjua Baudouin Ntambwe, usisikilize anavyosema. Mtazame anavyoshuka garini. Kila Jumapili, mbele ya kanisa pale Dilala, alishuka kutoka kwenye Toyota yake ya kijivu, shati limemganda mgongoni, kola imelowa, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Akafunga mlango taratibu, kisha akawaambia waliosimama karibu, "Leo klim ilinipiga baridi mingi." Klim ndilo jina la kiyoyozi huku Kolwezi. Cha Baudouin kilikuwa kimekufa kabla yeye hajalinunua lile gari.

Mkewe, Kabedi, alishuka upande wa pili akijipepea kwa kitabu cha nyimbo. Zamani alikuwa akimwomba mumewe ashushe vioo walau kidogo, watu wapumue. Baudouin alikataa katakata. Kwa akili yake, vioo juu ni gari la bosi, na vioo chini ni gari la mtu wa kulishwa vumbi na malori ya mgodi. Basi Oktoba yote, jua likiwaka, familia ilipikwa ndani ya chuma ili wapita njia wadhani imo katika neema. Kabedi aliacha kuomba, akaanza kudharau. Alimdharau mumewe kama mtu anavyokidharau kiatu kinachobana: hakichukii, ila kila hatua hukikumbuka.

Baba yake Baudouin aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, naye alitoboa mwamba mpaka mapafu yakachoka. Mwanawe alikuwa msaidizi wa ghala katika kampuni moja ndogo upande wa Mashamba, akigawa glavu na mabuti. Ukimuuliza kazi yake atakujibu kwamba yeye ni "kadre", yaani mmoja wa wakubwa wa kampuni. Debe tupu haliachi kuvuma. Mshahara wa kadre huyo ulichelewa kila mara, na nyumba ililishwa na samaki wa Kabedi.

Siku za kazi, basi la kampuni lilimchukua Baudouin, na Kabedi akalichukua gari. Alfajiri alikwenda ziwani Nzilo kuwapokea wavuvi, akapanga samaki ndani ya mabeseni, akawafunika kwa barafu na magunia mabichi, akarudi nao sokoni. Mteja wake mkubwa alikuwa Mama Angèle, aliyepikia madereva wa malori. Bila Angèle, biashara ile isingekuwa biashara, ingekuwa matembezi.

Sasa, chini ya boneti mlikuwa na mkanda mmoja tu, uliozungusha dinamo, pampu ya maji, na pia kompresa ya kile kiyoyozi kilichokufa. Kompresa ilianza kukwama. Ilikwaruza, ikanuka mpira ulioungua, na siku moja katikati ya njia ya Nzilo ikaukata mkanda. Maji ya injini yakachemka. Kabedi alisimama kando ya barabara mpaka jua likapanda utosini, barafu ikayeyuka, samaki wakalegea, na malori yakampaka vumbi jekundu kuanzia kilemba hadi miguuni. Mzigo wote aliumwaga porini.

Jambo hilo lilipotokea mara ya pili, Angèle alimwambia kwa upole, na upole ule ulitisha kuliko matusi: "Mama Kabedi, masufuria yangu haingojake. Ikirudia tena, nitatafuta mwengine."

Fundi wao, Kabamba, alikwisha kumweleza Baudouin ana kwa ana kwamba kompresa ile ni maiti iliyofungwa pamoja na mzima, na itaua injini. Baudouin alirekebisha tai yake.

"Motoka ya Tata Ntambwe bila klim?" alisema. "Batu bataniona kama nini?"

"Bataona motoka yenye kutembea," Kabedi alimjibu. Hakusikilizwa. Wanaume wa namna ile huwa na masikio ya kusikia sifa tu.

Basi Jumanne, basi la kampuni lilipokwisha kumchukua mheshimiwa, Kabedi alipeleka gari kwa Kabamba.

"Tosha yote," alisema, maana yake ang'oe kiyoyozi chote. "Usiache hata buloni moja."

Kabamba alijikuna shingo. "Tata anajua?"

"Tata atajua siku atafungua macho."

Kabamba alicheka, akaingia kazini. Gesi ya baridi ilikuwa imetoroka zamani, hapakuwa na cha kuogopa. Aling'oa kompresa, akang'oa mabomba yake, kisha akatoa kile chuma kipana chenye mapezi kilichokaa mbele ya rejeta. Kilikuwa kimezibwa kwa tope na panzi waliokauka. Rejeta ya watu ilikuwa ikinyimwa upepo na makaburi ya panzi. Akafunga mkanda mfupi zaidi, unaozungusha dinamo na pampu peke yake. Vitufe vya mbele ya dereva Kabedi aliomba viachwe vilivyo. Alitaka kuona.

Na aliona. Jumapili Baudouin aliketi, akapandisha vioo, akabonyeza kitufe. Feni ilikuwa bado nzima, ikapuliza ndani hewa ya nje yenye joto na harufu ya barabara. Baudouin akafumba macho nusu.

"Unasikia?" alimwambia mkewe. "Naona ilijiponesha. Leo inapuliza muzuri sana."

Kabedi aligeukia dirishani akauma ulimi. Misa nzima alicheka moyoni, na wiki zilizofuata aliishi kwa kicheko hicho. Gari lilipanda vilima vya Nzilo bila kulalamika, samaki walifika barafu ikiwa bado ngumu, Angèle akachukua mabeseni mazima. Jioni Kabedi alimtazama mumewe akila samaki wa gari lisilo na kiyoyozi huku akikisifia kiyoyozi, akaona hakuna mjinga kama huyu kutoka hapa mpaka Lubumbashi. Alijiona mjanja. Hapo ndipo alipokosea, maana mjinga naye ana ujanja wake, na ujanja wa mjinga ndio mchafu zaidi.

Kilichoanza kumshangaza ni majani. Mama Ernestine wa kwaya alimletea fungu la majani ya mkaratusi, akamwambia ayachemshe na kujifukiza, akamshika mkono kwa huruma nyingi. Kabedi alidhani ni mapenzi ya Kikristo yaliyopitiliza. Kisha sokoni jirani yake akasogeza meza yake mbali kidogo. Kisha wanunuzi wakawa wanatazama samaki kwa mbali, wanasifu, wanaondoka. Na siku moja Angèle mwenyewe alipita mbele ya meza yake, ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge, akaenda kununua kwa mwingine.

Kabedi alikausha samaki waliobaki, na wiki iliyofuata akakausha wengi zaidi. Hatimaye aliacha meza, akamfuata Angèle hadi jikoni kwake.

"Mama Angèle, samaki yangu iliharibika siku gani?"

Angèle alirudi nyuma hatua. "Si samaki, mama. Ni ile kifua. Mi napikia batu, uelewe. Bakisikia kama muuzaji iko na ugonjwa ya kifua, banikimbia."

"Kifua ya nani?"

"Ya kwako. Bwana yako njo alisema. Kule banasafisha motoka, balifungua boneti, bakamuuliza klim iliendaka wapi. Akasema aliitosha juu yako, munganga alikataza baridi, kifua yako inakufa."

Kabedi alisimama katikati ya moshi wa mafuta, na hasira ikamjaa mpaka masikio yakavuma. Kwa hiyo alikuwa anajua. Aliona pengo chini ya boneti, akanyamaza, akaendelea kubonyeza kitufe mbele yake, na nje akajifunika aibu yake kwa mwili wa mkewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Hakumwambia Angèle neno zaidi, maana mgonjwa akikana ugonjwa ndipo watu wanapouamini.

Jumamosi Baudouin alivaa shati jeupe kwa ajili ya mkutano wa mutueli, chama cha kusaidiana cha Wakasai. Kabedi alimwomba ampeleke kwanza sokoni na mzigo wake. Baudouin aliendesha vioo juu, akaegesha mbele ya meza za samaki, injini ikinguruma, akangoja mkewe ashushe mabeseni upesi ili harufu isimguse.

Kabedi alishusha mabeseni, akayapanga nyuma ya gari. Kisha akafunga milango yote, akasimama kando ya kioo cha dereva.

"Bamama, kujeni!" aliita. "Tata Baudouin anataka kubaonyesha klim."

Walikuja, maana soko halikatai cha bure. Baudouin alitabasamu. Angeweza kushusha kioo wakati wowote. Kitasa cha kioo kilikuwa chini ya mkono wake. Angependa kuondoka, lakini mbele yake walisimama wanawake na nyuma yake mabeseni. Akaketi. Jasho lilianza kwenye paji, likashuka kwenye pua, shati jeupe likashika kifua. Alibonyeza kitufe. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayefurahia baridi. Mwanamke mmoja alianza kucheka, wengine wakafuata, na Kabedi alimtazama tu, mikono kiunoni, hana huruma hata ya kuazima.

Mwishowe kioo kilishuka.

"Sema," Kabedi alimwambia. "Kifua ni ya nani?"

Baudouin alitazama usukani. "Muke yangu haiko na kifua," alisema kwa sauti ya chini. Kabedi alimwonyesha kwa kidole watu wa nyuma, naye Baudouin akarudia kwa sauti. "Haiko na ugonjwa. Klim ilikufaka zamani. Haikuwakaka hata siku moja."

Soko lilicheka mpaka wauza mihogo wakaja kuuliza kuna nini. Angèle alikuja mbele, kitenge kimeshuka mdomoni, akafungua mashavu ya samaki mmoja, kisha wa pili, akaomba apimiwe beseni zima. Kabedi alishika mizani akitabasamu kwa ushindi.

"Unisamehe, mama," Angèle alisema. "Uongo ya klim hakuna mutu aliamini. Sote tulikuwa tunaona jasho. Lakini ya kifua tuliamini, juu ni bwana yako njo alisema. Nani angewaza mutu atamubandikia muke yake ugonjwa juu ya kuficha chuma?"

Tabasamu la Kabedi lilikatika. Miaka yote alidhani amefungwa na mpumbavu, na mpumbavu aliweza kumbeba, alikwisha kumzoea. Huyu aliyeketi ndani ya gari, akijifuta shingo kwa tai, hakuwa mpumbavu tu, na mtu wa namna hiyo Kabedi hakuwahi kumfikiria. Alimaliza kupima, akapokea shukrani, akauza mpaka samaki wa mwisho, akarudisha mabeseni garini.

Baudouin alikuwa ameshusha vioo vyote vinne. Alimfungulia mkewe mlango wa mbele kutoka ndani. Kabedi alipitiliza, akaingia kiti cha nyuma, akaketi kando ya mabeseni matupu.