Thoan Aenda Quy Nhon

Kichochoro alichoishi Thoan kilikuwa nyuma ya hospitali, jijini Hanoi, na wapangaji wake wote walikuwa watu wa mashine. Figo zao zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki walivuka barabara, wakalala saa nne nzima huku damu yao ikitolewa, ikisafishwa na kurudishwa mwilini. Asiyekwenda hujaa maji. Huanza miguu kuvimba, kisha uso, kisha maji hupanda mapafuni, na akifika hapo mtu huhesabiwa saa, si siku. Ndiyo maana hata aendaye hupimiwa maji ya kunywa kwa glasi. Kwa miaka kumi na mitatu Thoan hakuwa amelala hata usiku mmoja nje ya kichochoro kile.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alifika pale akiwa mke wa Luan, seremala wa kijiji kimoja cha Thai Binh, akamwacha nyumbani mtoto wao wa pekee, Hoai, mwenye miaka saba. Mwaka wa kwanza Luan alikuja kumtazama kila mwezi. Mwaka wa tatu alikuja sikukuu ya mwaka mpya tu, Tet. Mwaka wa nne alikuja na karatasi za talaka, naye Thoan alizitia saini kwa mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto ulikuwa na sindano za mashine. Hakumlaumu. Alisema mwanamume hawezi kuoa kitanda cha hospitali. Luan akahamia Quy Nhon, kule chini pwani, kwenye viwanda vya samani, akaoa mke mwingine, na Hoai akaenda naye. Mara ya mwisho Thoan kumwona bintiye, mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja na meno ya mbele yamepandana.

Sasa Luan alimtumia ujumbe wa maneno machache. Hoai anaolewa Jumapili, tarehe kumi, saa tano asubuhi. Nimeona ujue.

Hakusema njoo, wala hakusema usije. Thoan aliusoma ujumbe ule mpaka simu ikapata joto mkononi. Kisha akaenda kwa Mzee Khoat.

Mzee Khoat aliishi chumba cha tatu kutoka chake. Kabla ya kuugua alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye gari moshi la Hanoi hadi Saigon kwa miaka ishirini na sita, na vituo vyote alivijua kama mtu anavyojua majina ya wanawe. Aliposikiliza, hakumwambia kwamba haiwezekani. Aligeuza kalenda ya mwaka uliopita, akaanza kuchora nyuma yake.

Mpango wake ulikuwa huu. Alhamisi Thoan asafishwe damu Hanoi, jioni apande gari moshi. Ijumaa asubuhi awe Hue, adhuhuri Da Nang. Jumamosi asafishwe damu Da Nang kama mgonjwa mgeni, mchana apande basi la Quy Nhon, Jumapili ahudhurie harusi, jioni aanze kurudi, na Jumanne awe kitandani kwake kama kawaida.

"Ukitoka Hue, kaa dirisha la kushoto," alisema. "Utaona ziwa la Lang Co, halafu gari linapanda mlima, bahari iko chini yako kabisa. Watu wazima wanalia pale. Mimi nimewaona."

"Mimi sina maji ya kulia, baba. Nimekatazwa."

Mzee Khoat alicheka mpaka akakohoa. Habari zikaenea, na kichochoro kizima kikawa na safari. Mwanamke wa chumba cha mwisho alimtania kwamba bibi harusi mwenyewe hajaenda fungate, mama mtu keshatangulia. Mwingine aliuliza kama ataogelea. Lakini usiku ule ule walimletea vitu, huyu blauzi ya hariri, huyu viatu, huyu dawa za kukinga kutapika. Kila mmoja wao alikuwa na harusi aliyoikosa, au maziko.

Kazi ngumu ilikuwa kitanda cha Da Nang. Thoan alipiga simu siku sita. Aliambiwa mashine zimejaa, apige kesho. Apeleke vipimo vya homa ya ini. Vipimo hivyo vimepitwa na wakati, apime upya. Barua ya daktari haina muhuri. Alifanya yote. Siku ya saba muuguzi mmoja mwenye sauti ya upole alimwambia kwamba mgonjwa wa Jumamosi asubuhi amehamia Saigon, kitanda kipo. Thoan alimshukuru mara nyingi hata akaona haya, na baada ya kukata simu alikwenda kumwambia Mzee Khoat.

Alhamisi alasiri, keshatoka kwenye mashine na begi likiwa mlangoni, simu ililia. Alikuwa muuguzi yule yule. Alisema ameletwa mtu wa dharura, hali mbaya, hawawezi kumrudisha, wamempa kitanda cha Jumamosi. Alisema samahani. Thoan aliuliza kama kuna Jumamosi jioni, akaambiwa hapana. Aliuliza Ijumaa. Aliuliza kama anaweza kulala kwenye kiti badala ya kitanda. Muuguzi akasema, "Dada, usije. Ukija bila nafasi utafia njiani."

Thoan alikata simu, akakaa sakafuni. Hakulia. Alianza kutoa nguo kwenye begi moja moja na kuzikunja upya, na alipofika kwenye blauzi ya hariri akaikunja mara nne, mara tano, mpaka ikawa ndogo kama leso. Mzee Khoat alimkuta hivyo. Thoan akamwambia kwamba atakwenda hivyo hivyo, bila mashine, na litakalokuwa na liwe.

"Utafika umevimba kama boga, umfie mtoto mbele ya wageni," alisema Mzee Khoat. "Hiyo ndiyo zawadi unayompelekea?"

"Sasa nifanye nini, baba?"

Mzee alihesabu saa kwa vidole. Zamu za Jumamosi hazikuwa kama za Alhamisi, yeye alikuwa zamu ya alfajiri, Thoan zamu ya jioni. Wakibadilishana, alisema, Thoan angetoka kwenye mashine saa nne, awahi gari la saa saba mchana, afike Quy Nhon kesho yake karibu saa tano. Ziwa na mlima atavipita gizani, na kutoka kitandani atakwenda moja kwa moja kwenye benchi la gari bila kupumzika. Lakini angefika. Kwa Mzee mwenyewe, kungoja mpaka jioni hakukuwa jambo dogo. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alimtaka awahi kila mara. Thoan alilijua hilo. Alijua pia kwamba alipaswa kukataa, na hakukataa.

Safari ile ilikuwa ya kujikaza tu. Baada ya kusafishwa damu mtu huwa mwepesi na baridi kama nguo iliyokamuliwa, naye alikaa kwenye kiti cha ubao saa ishirini na mbili, mkono wa kushoto ameukumbatia watu wasiugonge. Mahali fulani gari liliingia kwenye mahandaki, likatoka, likaingia tena. Abiria mmoja alisema bahari iko hapo chini. Thoan alitazama dirishani, akaona uso wake mwenyewe.

Nyumba ya Luan ilikuwa kwenye mtaa wa viwanda, na turubai la harusi lilifunga nusu ya barabara. Thoan alishuka kwenye pikipiki ya kukodi akanyoosha blauzi. Mlangoni walisimama Luan, mvi zimemjaa, na mke wake, Kieu, katika vazi refu la rangi ya dhahabu, mahali pa mama wa bibi harusi. Kati yao alisimama msichana mrefu aliyepakwa poda nyeupe, nywele zimekakamaa kwa dawa. Luan alikuwa ameinama kumsalimu mgeni mwingine. Msichana ndiye aliyemwona kwanza. Akatabasamu kwa adabu.

"Karibu, shangazi. Wewe ni wa upande wa bwana harusi?"

Thoan alikuwa ameandaa maneno tangu Hanoi. Yote aliyasahau.

"Mimi ni Thoan," alisema. "Nimetoka Hanoi."

Tabasamu lilibaki usoni mwa Hoai kwa muda, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Kisha alimshika mkono ili amwingize ndani, na kwa bahati mbaya akaushika ule wa kushoto, pale madaktari walipounganisha mishipa, ambapo damu hutetemeka chini ya ngozi usiku na mchana. Aliusikia mtetemo ule, akauachia mkono haraka, kisha akaona haya kwa kuuachia.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado."

Alimketisha kwenye meza ya pembeni, akamletea yeye mwenyewe bakuli la supu na glasi ya chai. Kieu alikuja, akasema mtu aliyesafiri hivyo ale sana, akaongeza supu. Alikuwa mwanamke mwema, na hilo ndilo lililomchoma Thoan, maana hakupata hata mtu wa kumchukia. Maji yake ya siku nzima yalikuwa glasi mbili ndogo, naye alikuwa keshayamaliza njiani. Lakini Hoai alikuwa amesimama pale, katika gauni lake jekundu, akimngoja ale. Thoan alikunywa chai yote. Alikunywa supu yote. Hoai alipommiminia tena, alikunywa tena. Hawakuzungumza lolote la maana. Hoai alimuuliza kama Hanoi kuna baridi, naye akasema kidogo. Kisha wakamwita bibi harusi, gari lilikuwa tayari, na akaenda. Kabla ya kuingia garini aligeuka, akatafuta kati ya watu, akampungia mtu mkono. Thoan hakuwa na hakika kama ni yeye.

Jioni alipanda gari la kurudi. Mvua ilianza kabla ya Da Nang. Walipokaribia mlima, gari lilisimama kwenye kituo kidogo, na mwongozaji akapita akisema udongo umeporomoka juu ya reli. Walingoja mpaka kukapambazuka, na kulipopambazuka Thoan akaiona bahari. Ilikuwa chini ya dirisha lake, pana, ya kijivu, na mawimbi yakipasuka kwenye miamba myeupe. Watu walitoka na simu zao kupiga picha. Yeye alitazama vifundo vya miguu. Alibonyeza kidole kwenye ngozi, kikaacha shimo, na shimo halikujaa.

Saa sita mchana hakuweza tena kulalia kiti. Saa nane alisikia kifua kikichemka kama chungu. Mbele yake bahari ilikuwa pale pale, hakuna aliyeweza kuiondoa, na kila wimbi lilimkumbusha maji. Alimwomba mama aliyekaa naye amwite mwongozaji. Alisema maneno mawili mawili, akivuta pumzi katikati. Figo. Mashine. Da Nang.

Walimpeleka kwa gari dogo la reli lililokuwa limeleta mafundi, kisha kwa gari la wagonjwa. Alipozinduka vizuri alikuwa kwenye machela, kwenye ukumbi wa mashine wa hospitali ile ile iliyomnyima kitanda Jumamosi. Muuguzi, yule wa sauti ya upole, alikuwa akizungumza na mzee mmoja mwembamba aliyevaa kandambili na kushika mfuko wa nailoni wenye blanketi. Alikuwa akimweleza kwamba ameletwa mtu wa dharura, arudi kesho alfajiri. Mzee alisema ametoka mbali, mabasi mawili. Kisha akamtazama Thoan, akatazama midomo yake ilivyokuwa.

"Haya," alisema. "Alale yeye."

Thoan alitaka kusema kitu. Hakuwa na pumzi ya kusemea. Mzee aliufunga mfuko wake akaondoka polepole, akishika ukuta, na miguu yake nayo ilikuwa imevimba.

Luan ndiye aliyepigiwa simu na hospitali, na Luan akamwambia binti yake. Jumanne mchana Hoai alifika kwa basi, peke yake, rangi nyekundu ya harusi ingali kwenye kucha. Siku ile, kwa desturi, bibi harusi alitakiwa kurudi kwao na mumewe kuwaamkia wazazi wake. Alitandika mkeka chini ya kitanda, kama wanavyofanya ndugu wa wagonjwa wote, akaketi.

"Mbona hukusema hutakiwi kunywa?" aliuliza.

"Uliniletea wewe."

Hoai aliinamisha kichwa. Alisema kwamba kwa miaka mingi aliambiwa mama yake haji kwa sababu ni mgonjwa, naye akawa anajiambia hakuna ugonjwa wa miaka yote hiyo. Thoan alimsikiliza. Akamuuliza kama mumewe ni mtu mpole. Hoai akasema ni mpole, ila anakoroma. Wakacheka kidogo. Asubuhi Hoai alirudi kwa mumewe, na Thoan, kabla ya kupelekwa stesheni, aliuliza kama yule mzee wa kandambili alifika. Muuguzi alisema alifika jana alfajiri, akawekwa mashine, hali yake si nzuri. Jina lake alimtajia, lakini ukumbini mlikuwa na kelele, na Thoan aliona haya kuuliza mara ya pili.

Alirudi Hanoi Alhamisi. Mzee Khoat alikuwa hai, amelazwa wodi ya moyo tangu usiku wa Jumamosi, haruhusiwi wageni. Alitoka baada ya wiki tatu, hawezi tena kupanda ngazi. Thoan alimpikia uji mpaka mwisho wa mwaka, na hakuna kati yao aliyetaja zamu ile ya alfajiri. Hoai hupiga simu baadhi ya Jumapili, si zote. Humuuliza uzito wake, naye humwambia.