Mchicha wa Mkwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilicheka hadi nikashika tumbo, na tumbo lenyewe la mzazi, lauma. Nilikuwa kwa mama, Mji wa Kale, arobaini ya kifungua mimba wangu haijaisha. Uzazi ule ulinitoa damu nyingi. Nikisimama, ukuta wazunguka. Daktari alisema nile mboga za majani kila siku damu irudi, na mama kwa hofu alikuwa halali.

Basi mume wangu, Mungu amrehemu, akajitolea kwenda sokoni Marikiti. Mkono mtupu haulambwi, na mkwe kuingia ukweni na kifungu cha kiganja kimoja ni aibu, majirani wana macho. Akauruka mchicha mchanga, akachagua mrefu kumshinda yeye, ushatoa maua, mbegu zapukutika. Akamlipa hamali aubebe. Jirani yetu alidhani twaletewa makuti ya kuezekea.

Mama akauchemsha, akauchemsha tena, hadi adhuhuri mashina yangali yagonga sufuria. Mimi nilitafuna jani moja mpaka taya zikachoka, nikalitema.

Sasa, kwetu mama mkwe hamkaripii mkwewe usoni. Ni heshima. Kwa hivyo mama alimpakata mtoto, akasema naye, na mume wangu ameketi papo hapo.

"Mjukuu wangu, mwambie babako ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Mchicha ukishatoa maua, nguvu zaenda kwenye mbegu, jani labaki nyuzi tupu. Mamako ataka damu, hataki kuni."

Mume wangu naye akamwinamia mtoto. "Mwambie nyanyako nimesikia."

Mtoto akamcheulia kanzu, nami hapo ndipo kicheko kikanishinda.

Asubuhi yake mume wangu alipita kichochoroni na kifungu kidogo mkononi, hakukificha. Jirani akamuuliza kama biashara imeharibika. Akaja nacho moja kwa moja hadi jikoni kwa mama. Majani yalikuwa laini, hayajaona ua. Mama aliyachemsha kidogo tu, akayaunga kwa tui. Nikala, na kila siku nikala, hata arobaini ikaisha nasimama kumwogesha mwanangu mwenyewe. Mama alilia siku ile.

Basi, mwanangu, mboga hainunuliwi kwa urefu. Livunje shina kwa vidole: likikatika upesi, chukua; likipinda tu, muachie mbuzi. Na mgonjwa mpe kitakachomfaa mwilini, si kitakachoonekana na mtaa. Mola akujaalie siha, akupe na mwenza atakayekubali kuonekana bahili mbele ya watu ili wewe upone.